Timu ni Yako, Haki ni ya Mwenyezi Mungu

Mpira wa miguu umeingia majumbani mwetu kama mgeni asiyepiga hodi. Umeketi barazani, umekula nasi, na sasa watoa amri: chakula kipakuliwe saa ngapi, nani anyamaze, na watoto walale lini. Basi si vibaya nasi tunaosali na kufunga na kuwasomesha watoto wetu Qur'ani tukamtazama mgeni huyu kwa makini, tukajua ana kheri gani na ana shari gani. Mimi mpira sichezi tena, magoti yamekataa. Lakini wenye kuucheza na wenye kuushangilia ndio ninaoishi nao huku Karatu, na baadhi yao ni wanafunzi wangu.

Msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja pengine hajafika huku. Karatu ni mji wa barabarani, juu ya Bonde la Ufa, kwenye njia iendayo Ngorongoro. Udongo wake ni mwekundu, asubuhi zake ni za ukungu na baridi, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji, walio Wakristo kwa wingi. Sisi Waislamu ni wachache, na wengi wetu twaishi kwa duka, gari na biashara ndogo ndogo. Jioni, madereva wa watalii wakishateremka kutoka kreta, wachuuzi wa vitunguu wakishapanda kutoka Mang'ola, na vijana wa bodaboda wakishahesabu fedha zao, wote hukutana kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira. Humo ndani hakuna Muiraqw wala Mswahili, hakuna Mmasai wala Mrangi. Kuna wa timu hii na wa timu ile. Hiyo ndiyo raha ya mpira, na hapo hapo ndipo penye hatari yake.

Niseme kwanza jambo moja ili nisieleweke vibaya. Mchezo wenyewe si haramu. Bwana Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, na imepokewa kwamba alipigana mwereka na Rukana akamwangusha. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, naye akasimama akimsitiri Bibi Aisha huku bibi huyo akiwatazama mpaka akatosheka. Basi anayesema kuwa dini yetu haijui furaha, huyo hajaisoma. Neno langu si juu ya kuucheza mpira wala kuutazama. Ni juu ya moyo wa mtazamaji, na hasa juu ya ulimi wake pale refa apigapo filimbi.

Mwaka 2022 Kombe la Dunia lilichezwa Qatar, mara ya kwanza katika nchi ya Kiarabu. Saa zao na saa zetu ni moja, kwa hiyo michezo ilituangukia papo hapo katika nyakati zetu za sala. Timu ya Moroko iliwafunga Ubelgiji mabao 2 kwa bila, ikawatoa Wahispania kwa penalti, na jioni ya Jumamosi tarehe 10 Desemba ikakutana na Ureno. Mchezo ulianza saa 12 jioni. Youssef En-Nesyri aliruka akapiga kichwa katika dakika ya 42, na kwa saa ya Karatu hapo jua lilikuwa linakuchwa. Adhana ya magharibi na kelele za kibandani zikapanda pamoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa msikiti na nikawaona vijana wawili wakitoka kibandani mbio mbio, wakatawadha, wakasali nasi, wakatoa salamu na kurudi mbio vile vile. Wengine hawakutoka. Wale wawili nimewaweka moyoni mpaka leo, kwani hawakuuacha mpira wala hawakuiacha sala. Waliujua tu ukubwa wa kila kimoja.

Siku zile mji mzima ulikuwa Moroko. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Wachezaji walipokuwa wakisujudu uwanjani, na Sofiane Boufal alipocheza na mama yake mbele ya ulimwengu, akina mama wa hapa wasiojua hata mpira una wachezaji wangapi walifurahi. Kijana wa Kiiraqw, Mkristo, dereva wa bodaboda, alimkumbatia mwenye duka jirani yangu, Muislamu ambaye babu yake alikuja na jahazi kutoka Uarabuni. "Tumewapiga!" alisema. Sikumuuliza ni nani "sisi" na ni nani "wao". Furaha ilikuwa kubwa kuliko swali.

Lakini hata katika furaha ile kulikuwa na mtihani. Siku mbili kabla ya mashindano kuanza, Qatar ilikataza bia isiuzwe viwanjani. Magazeti ya Ulaya yakalalamika, nasi tukasimama kuitetea, na tulikuwa na haki, kwani mwenye nyumba ndiye mwenye desturi ya nyumba. Ila kulikuwa na malalamiko mengine yaliyohusu vibarua waliojenga viwanja vile: watu wa Nepal, India na Bangladesh, na pia vijana wa kwetu Afrika Mashariki, waliofanya kazi katika joto kali, wengine mishahara yao ikicheleweshwa, wengine hawawezi kubadili kazi bila ya idhini ya tajiri. Qatar yenyewe ilibadilisha sheria zake mwaka 2020, ikaondoa sharti la idhini ile na kuweka kima cha chini cha mshahara. Mtu habadilishi sheria isiyokuwa na kasoro. Hapo wengi wetu tuliokuwa na sauti kubwa juu ya bia, sauti zilitupotea. Na hali Mtume wetu ndiye aliyetuamrisha tumpe kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kuitetea nchi ya Kiislamu inapoonewa ni wajibu, na kuikumbusha inapokosea ni wajibu vile vile. Alituambia tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au akiwa mwenye kudhulumiwa. Masahaba wakauliza dhalimu asaidiwe vipi, na jibu likawa ni kumzuilia mkono wake.

Sasa tazama dunia inavyogeuka. Tarehe 17 Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Tanzania ilikutana na Moroko mjini San Pedro, Kodivaa, tukafungwa mabao 3 kwa bila, na mchezaji wetu mmoja akatolewa kwa kadi nyekundu. Kabla ya mchezo ule, kocha wetu Adel Amrouche, mtu wa Algeria, alikuwa ameituhumu Moroko kuwa ina mkono katika mambo ya Shirikisho la Afrika. Shirikisho likamfungia michezo 8, na hapa nyumbani akasimamishwa. Kibandani wengine walisema kasema kweli ndiyo maana kaadhibiwa. Huo si ushahidi. Katika sheria yetu mwenye kudai ndiye aletaye bayina, na Sura Al-Hujurat, aya ya 6, yatufunza tuichunguze habari kwanza, tusije tukawaumiza watu bila ya kujua.

Tarehe 22 Agosti 2025, katika CHAN, Moroko ikatutoa tena kwa bao 1 katika robo fainali, na safari hii palepale nyumbani kwetu, kiwanja cha Benjamin Mkapa. Kisha ikaja Januari 2026. Timu yetu ilikuwa imekwenda sare na Uganda na Tunisia, ikavuka makundi ya Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza kushiriki mwaka 1980. Na ni nani tuliyepangiwa? Moroko, na huko huko kwao, Rabat, tarehe 4.

Siku ile mchana mtoto mmoja wa madrasa aliniuliza: "Maalim, tumwombee nani, Tanzania au Waislamu?" Wenzake wakanyamaza wangojee. Nikamwambia kwamba Tanzania nayo ina Waislamu wake, kina Mbwana Samatta na Feisal Salum. "Basi wote wawili watashindaje?" akauliza. Nikamwambia: "Mwombeeni refa. Mwombeeni aone sawasawa." Wakacheka, wakaitikia amina.

Moroko ikashinda kwa bao 1 la Brahim Díaz. Dakika za mwisho kabisa mchezaji wetu alianguka ndani ya eneo la penalti, watu wakasimama, refa hakupuliza. Kesho yake yule mtoto alinijia na uso wa huzuni: "Maalim, dua haikupokewa." Nilimwambia dua ya haki haipotei, ila huenda ikamrudia mwombaji, akaulizwa yeye mwenyewe anaona sawasawa kiasi gani.

Na hakika usiku ule wengi waliacha kuona. Kijana yule yule wa bodaboda, kwa hasira, alisimama kibandani akawatukana Waarabu wote, kisha akamgeukia mwenye duka, yule yule aliyemkumbatia mwaka 2022, akamwambia arudi kwao Moroko. Mtu aliyezaliwa Karatu, baba yake amezikwa Karatu, na Moroko haijui ila kwa televisheni! Mwenye duka naye hakujibu kwa ulimi. Alifungua daftari la madeni, akalipiga mstari jina la mama wa kijana, mjane aliyekuwa akichukua unga na kulipa mwisho wa mwezi. Zikapita siku 8 hawasalimiani, na hali katika dini yetu si halali kumhama ndugu zaidi ya siku 3, na jirani ana haki zake hata kama si wa dini yako.

Tulikwenda kuwapatanisha, mimi na mzee mmoja wa kanisa lao, mtu wa busara. Nilimuuliza kijana: "Mwanangu, duka hili umelijua tangu lini?" Akasema: "Tangu nilipokuwa natumwa chumvi, Maalim." "Na Moroko umeijua lini?" Akatazama chini. Kisha nikamgeukia mwenye duka. Akasema: "Sheikh, amenivunjia heshima mbele za watu." Nikamwambia: "Ni kweli, na ana kosa. Lakini aliyekutukana ni yeye, na anayekosa unga ni mama yake. Refa akimpa kadi nyekundu asiyecheza rafu, wewe utasemaje?" Mzee wa kanisa hakuongeza neno, alilichukua daftari, akalifungua pale palipopigwa mstari, akaliweka mbele ya mwenyewe. Jina la mjane likaandikwa upya. Kijana aliomba radhi kwa sauti ya chini. Sitaki kusema kwamba sasa wao ni marafiki kama zamani. Wanasalimiana, na unga unachukuliwa. Neno la hasira ni msumari: hata uking'olewa, tundu hubaki.

Kisa hiki kilinikumbusha kisa cha kale. Katika safari moja ya Mtume (S.A.W.) mtu wa Muhajirina alimpiga teke mtu wa Ansari. Teke moja tu! Huyu akawaita watu wake, na yule akawaita wake, na pakakaribia kumwagika damu baina ya watu waliokuwa wakisali safu moja. Mtume akatoka, akauita wito ule kuwa ni wa zama za ujahili, akawaambia wauache kwani unanuka. Majina Muhajirina na Ansari yalikuwa majina matukufu. Lililonuka ni kuyafanya majina hayo fimbo ya kumpigia mwingine bila ya kuuliza nani mwenye haki. Ikiwa majina hayo yalikatazwa kutumiwa hivyo, seuze majina ya vilabu na jezi?

Ugonjwa wenyewe, kwa uoni wangu, ni mizani mbili. Vijana wa leo hawakuwako mwaka 1986, lakini kisa wamekisikia: Diego Maradona wa Ajentina alifunga bao kwa mkono dhidi ya Uingereza, na refa, Ali Bennaceur wa Tunisia, hakuuona mkono ule, akalikubali bao. Tulisikia redioni, na wenzangu wengi wakacheka, kwa kuwa aliyeumia ni Muingereza aliyetutawala. Kisha tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, Luis Suárez wa Urugwai aliuzuia kwa mkono mpira wa Ghana uliokuwa ukiingia golini katika dakika ya mwisho. Afrika nzima ikamlaani. Lakini hebu tupime. Suárez alitolewa kwa kadi nyekundu na Ghana wakapewa penalti; Asamoah Gyan akaipiga ikagonga mwamba. Sheria ilifanya kazi yake, bahati ndiyo iliyokataa. Maradona hakuadhibiwa, na bao akapewa. Basi aliyepata adhabu tumemlaani, na asiyeadhibiwa tumemcheka kwa mapenzi! Mkono ni mkono. Kilichobadilika ni nani aliyeumia. Na Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Mutaffifin amewaonya wanaopokea kwa kipimo kamili na kuwatolea wengine kwa kipimo pungufu. Wengi hudhani sura ile ni ya wauza mchele peke yao.

Sura An-Nisaa, aya ya 135, yatutaka tusimame na uadilifu hata juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Na Sura Al-Maida, aya ya 8, yatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Aya moja yafunga mlango wa mapenzi, na ya pili yafunga mlango wa chuki. Masahaba waliifanyia kazi. Abdullah bin Rawaha alipelekwa Khaybar kukadiria mavuno ya tende za Mayahudi. Wakamkusanyia mapambo ya wake zao wampe ili awapunguzie. Akakataa rushwa ile, na akawaambia wazi kwamba hawapendi, lakini kutowapenda kwake hakutamfanya awadhulumu. Wao wenyewe wakakiri kwamba kwa uadilifu wa namna hiyo ndiyo mbingu na ardhi zimesimama. Huyo ndiye refa! Na kila mtazamaji aketiye kibandani na kusema "hiyo ni penalti" au "hiyo si penalti" ametoa hukumu, akumbuke.

Kuna na sumu nyingine, nayo ni kamari. Siku hizi huitwa kubeti, na karatasi yake huitwa mkeka, majina laini ya jambo zito. Sura Al-Maida imeiweka kamari pamoja na pombe, na katika aya ya 91 ikaeleza sababu: shetani hutaka kwayo kutia uadui baina yetu na kutuzuia na sala. Nimeliona hilo kwa macho. Tarehe 30 Desemba 2025, Feisal Salum alipoisawazishia Tanzania dhidi ya Tunisia, watu waliruka, na kijana mmoja aliyevaa jezi ya Taifa akabaki ameketi, mikono kichwani. Mkeka wake ulikuwa umeiweka Tunisia ishinde. Fedha kidogo zilikuwa zimemnunua, mpaka nchi yake ikifunga bao yeye analia. Mzazi unayesoma haya, usiulize tu mwanao anashabikia timu gani. Muulize analilia nini.

Na dawa ya kushindwa tumeachiwa. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Al-Adbaa, asiyepitwa kwa mbio. Akaja bedui juu ya ngamia wake kijana, akampita. Masahaba wakaona uchungu. Mtume hakulalamikia njia wala hakumshuku bedui. Aliwafahamisha kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu cha dunia ila atakishusha. Kama ngamia wa Mtume alipitwa, timu yetu ni nani isipitwe?

Hata katika mashindano yale yale ya 2026 tulionyeshwa mfano. Katika fainali ya tarehe 18 Januari, Rabat, Moroko walipewa penalti dakika za mwisho, na wachezaji wa Senegal wakaondoka uwanjani kwa hasira. Sadio Mané, mtoto wa imamu wa kijiji cha Bambali, akawaita wenzake warudi wacheze. Wakarudi, penalti ikapigwa, kipa Édouard Mendy akaidaka. Yaliyofuata wanayajua wenye mpira. Mimi natazama hatua zile za mtu mmoja kuwafuata wenzake na kuwarudisha, kwani kuwatoa watu kwa hasira ni kazi nyepesi, na kuwarudisha ndiyo kazi ya wanaume.

Basi, ndugu zangu, pendeni timu zenu. Lakini sala isingoje mapumziko, fedha za unga zisiende kwenye mkeka, na rangi au asili ya mtu isiingizwe katika ugomvi wa mpira. Na refa akipuliza, jiulizeni kabla ya kupiga kelele: lau ingekuwa upande wetu, ningesema hivi hivi? Uenyeji wa Kombe la Mataifa la 2027 walipewa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Wageni watakaokuja, wakiwamo huenda hao Wamoroko, baadhi yao watapanda njia hii kwenda kuiona Ngorongoro, na watasimama Karatu kununua maji kwenye duka lile lile. Bodaboda watakayoiuliza njia huenda ikawa ya kijana yule yule. Namwombea Mwenyezi Mungu awakute wote wawili wakiwa na salamu midomoni. Wabillahi taufiq.